Uzi: Ella Fitzgerald kabla hajawa malkia, miaka saba kwenye bendi ya dansi

Mzee wa Santuri:
Wakuu, salaam.

Juzi kwenye uzi mmoja kijana aliweka picha ya Ella Fitzgerald, mwimbaji wa jazz wa Marekani, akiwa mtu mzima, gauni linameremeta, leso mkononi, akaandika chini yake "alizaliwa nyota". Nikaona hapana, hili nikiliacha lipite hivi hivi sitalala. Huyu mama alikuwa kibarua wa bendi ya dansi. Analipwa kwa wiki, anakaa kwenye kiti pembeni ya jukwaa akisubiri zamu yake, dansi likiisha anapanda basi na kundi la wanaume kwenda mji mwingine. Alianza hivyo 1935, na kwenye bendi hiyo akakaa mpaka 1942. Kila anayemwandika anairuka miaka hiyo ili awahi kufika kwenye santuri kubwa za miaka ya hamsini. Mimi ndiyo ninayoipenda.

Alizaliwa tarehe 25 Aprili 1917, Newport News, Virginia. Mama yake akahama naye kwenda Yonkers, mji ulio ubavuni mwa New York. Mama akafariki 1932, binti ana miaka kumi na mitano. Kuanzia hapo mambo yakaharibika. Shule akaiacha, akafanya kazi za kubangaiza ikiwemo kulinda mlango wa danguro ili polisi wakitokea atoe ishara. Alikamatwa, akapelekwa shule ya kurekebisha tabia za wasichana huko Hudson, akatoroka. Mwaka 1934 alikuwa Harlem, mtaa wa watu weusi New York, akilala popote usiku unapomkutia.

Tarehe 21 Novemba 1934 akapanda jukwaa la Apollo, ukumbi wa maonyesho hapo hapo Harlem, usiku wa mashindano ya wasanii wachanga. Alikwenda kucheza, si kuimba. Sasa kabla ya zamu yake wakapanda akina dada wawili, Edwards Sisters, wakacheza mpaka ukumbi ukanyanyuka. Ella akaona hapa nikicheza nitazomewa. Akabadilisha palepale, akaimba nyimbo alizokuwa amezishika kwenye santuri, kwa kuiga sauti ya mwimbaji Connee Boswell. Akashinda. Zawadi dola 25.

Ngoja niweke chai nirudi.

Mpiga Dramu:
Nipo siti ya mbele mzee. Chick Webb hukosi kumtaja, maana sisi wa vijiti yule ndiye babu yetu.

Kocha wa Mtaa:
Mkuu samahani, mimi nilijua jazz ni Morogoro Jazz na OK Jazz. Hii ya kwenye hoteli za kitalii sijawahi kuielewa. Kuna undugu wowote au ni majina tu?

Mzee wa Santuri:
Kocha, kwetu neno jazz lilikuja kumaanisha bendi ya dansi yenye ala za kisasa, basi. Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz walikuwa wanapiga dansi, na magitaa yao yamelelewa na Cuba na Kongo zaidi kuliko New York. Ila nikwambie kitu: hiyo jazz unayoiona hotelini leo, watu wamekaa kimya na glasi zao, zamani ilikuwa ni dansi hasa. Watu walikuwa wanatoka jasho. Swingi ulikuwa ndio muziki wa vijana wa Marekani kuanzia katikati ya miaka ya thelathini mpaka vita vinaisha. Bendi ina watu kumi na tatu au kumi na wanne: matarumbeta, matromboni, safu ya saksafoni, piano, gitaa, besi, dramu. Wakipuliza kwa pamoja kwenye ukumbi uliojaa, wewe wa Msondo na Sikinde ungejisikia uko nyumbani.

Mpiga Dramu, haya. Chick Webb. Alizaliwa Baltimore, 1905. Utotoni alipata kifua kikuu cha uti wa mgongo, kikamwacha mfupi sana, ana kibyongo, na maumivu yaliyomfuata maisha yake yote. Alikaa kwenye jukwaa la juu nyuma ya bendi ili watu wamwone, dramu zake na pedali zimetengenezwa kwa kimo chake. Kwa kuwa kiongozi mwenyewe yuko nyuma, mbele alisimama mtu mwingine na fimbo ya kuongozea, Bardu Ali.

Bendi yake ndiyo ilikuwa mwenyeji wa Savoy. Savoy ulikuwa ukumbi wa dansi Harlem, Lenox Avenue, ulioenea mtaa mzima kati ya barabara ya 140 na ya 141, ulifunguliwa 1926. Majukwaa mawili yamepakana, bendi moja ikinyamaza nyingine inadaka, muziki haukatiki. Weusi na weupe walicheza sakafu moja, jambo ambalo Marekani ya wakati ule lilikuwa adimu kama theluji Tanga. Na sakafu ile ya mbao ilikanyagwa mpaka inalazimika kubadilishwa kila baada ya miaka michache.

Sasa Ella alifikaje pale? Wanaotajwa kumpeleka kwa Webb ni wawili, Bardu Ali na Charles Linton, mwimbaji wa kiume wa bendi. Webb alimtazama binti, nguo zimechakaa, nywele hazijachanwa, akasema huyu hapana. Bendi kubwa zilitaka msichana wa kupamba jukwaa. Sura kwanza, sauti baadaye. Wakambembeleza. Akakubali kumjaribu usiku mmoja kwenye dansi la wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Yale. Wanafunzi wakampenda, Webb akamwajiri. Dola kumi na mbili na nusu kwa wiki.

Binti Magomeni:
Dola 12.50 kwa wiki?? Na nguo anunue mwenyewe?

Mzee wa Santuri:
Karibu sana binti yangu. Usiipime kwa dola ya leo, lakini hata wakati ule haikuwa fedha ya kujivunia.

Tuiangalie kazi yenyewe sasa, hapa ndipo nilipotaka tufike. Mtu ukisema mwimbaji wa bendi, vijana wanafikiria yeye ndiye mwenye shoo. Wapi! Wimbo ni wa wachezaji. Bendi inaanza, matarumbeta yanapiga sauti ya wimbo, saksafoni zinajibu, ndipo msichana ananyanyuka kitini, anasogelea kipaza sauti, anaimba mzunguko mmoja wa wimbo, anarudi kukaa. Saksafoni inachukua, bendi inafunga. Santuri ya mizunguko 78 kwa dakika ina dakika tatu na kidogo upande mmoja, kwa hiyo sehemu yake yeye mara nyingi haifiki hata dakika moja na nusu. Tazama lebo ya santuri: jina la kiongozi wa bendi kwa herufi kubwa, halafu chini kabisa, kwa herufi za kutafutia miwani, limeandikwa jina la mwimbaji. Magazeti ya muziki yaliwaita wasichana hawa kanari. Ndege wa kwenye tundu.

Anapokuwa hana kazi anafanya nini? Anakaa. Tabasamu lazima, mikono mapajani, anatikisa kichwa kidogo kuonyesha anafurahia. Saa nne, saa tano za usiku. Ella yeye alishindwa kukaa. Waliokuwepo wanasimulia kwamba alikuwa anacheza pale pale kitini, anaimba chinichini pamoja na matarumbeta kana kwamba naye kashika moja. Kumbuka hilo, nitalirudia.

Na hata hicho kidogo kiligawanywa. Nyimbo za mahaba, za taratibu, zilikuwa za Linton. Ella alipewa za haraka na za kuchekesha. Santuri yake ya kwanza na bendi hiyo waliirekodi Juni 1935 kwa kampuni ya Decca. Mwaka uliofuata Benny Goodman, mpiga klarineti mwenye bendi yake, akamwazima kwa siku moja, Novemba 1936, wakarekodi nyimbo tatu kwa kampuni ya Victor. Decca wakaja juu, kwamba huyu ni wetu kwa mkataba, Victor wakalazimika kuziondoa sokoni. Unaona? Mtu wa kiti cha pembeni, lakini tayari kampuni mbili zinamgombania kama mpira wa kona.

Mpiga Dramu:
Mzee tuletee pambano la bendi ya Webb na ya Goodman sasa. Nasubiri hilo tu.

Mzee wa Santuri:
Tarehe 11 Mei 1937. Goodman anaitwa mfalme wa swingi, ana Gene Krupa kwenye dramu, kijana mzuri wa sura, nywele zinamwangukia usoni, wasichana wanazimia. Anakuja Savoy, nyumbani kwa Webb. Ukumbi ulijaa, maelfu walibaki barabarani. Webb alikuwa amewaandaa watu wake kama kocha kabla ya fainali. Bendi ya Goodman ikapiga vizuri, Webb akajibu kwa nyimbo zilezile za Goodman, zamu hii zina pilipili. Mwisho wa usiku Krupa mwenyewe alimwinamia yule mtu mfupi kwa heshima, na mpaka anakufa hakuacha kusema kwamba alikatwa vipande usiku ule.

Halafu 16 Januari 1938 akaja Count Basie na bendi yake. Hapo sasa ni waimbaji nao: upande huu Ella, upande ule Billie Holiday. Jukwaa kwa jukwaa, usiku mmoja! Nani alishinda, magazeti ya muziki yenyewe hayakuelewana.

Binti Magomeni:
Billie alishinda. Mzee nisamehe, sibishani na wakubwa, lakini Ella alikuwa anaimba kama mtu ambaye hajawahi kulia. Billie akisema neno "mpenzi" unajua kaumizwa. Na yeye kwenye bendi kubwa aliteswa zaidi. Kwa Basie alikaa mwaka hivi, wakiwa Detroit wakampaka rangi usoni awe mweusi zaidi, eti mbele ya wale wanaume weusi anaonekana mweupe, wazungu watakasirika. Halafu mwaka huo huo wa 1938 akaenda kwa Artie Shaw, bendi ya wazungu watupu. Kusini huko kula shida, kulala shida, choo shida. Kilichomtoa kabisa hakikutokea Kusini, kilitokea New York yenyewe: Hotel Lincoln walimwambia apande lifti ya mizigo ili wageni wasimwone. Mwimbaji jina lake liko kwenye tangazo la nje, anapandishwa na magunia ya viazi. Akaondoka.

Na santuri aliyoimba na Shaw ni moja tu. "Any Old Time", Julai 1938. Moja!

Mzee wa Santuri:
Hapana kosa binti, sema tu, uzi si wangu peke yangu. Kwa wimbo wa huzuni nakubali, Billie hana mpinzani. Ila nakataa hilo la "hajawahi kulia". Msichana aliyelala barabarani na miaka kumi na saba, kisha akachagua kuimba vile, huyo si kwamba hakulia. Aliamua usione.

Nyamwezi Ughaibuni:
Wakubwa kwa wadogo, heshima kwenu. Mimi niko New Jersey, nawaongezea wa tatu: Helen Forrest, mzaliwa wa huku Atlantic City. Alizaliwa Aprili 1917 kama Ella, wamepishana siku kumi na tatu. Alikuwa kwa Shaw wakati mmoja na Billie, na lifti yeye alipanda ya kawaida, maana ni mzungu. Shaw alipoivunja bendi 1939 akaenda kwa Goodman. Goodman alimtoa roho. Ukisimama kuimba yeye anapuliza klarineti nyuma yako vipandevipande mpaka unasahau ulikuwa wapi. Forrest akaondoka Agosti 1941, na alisema wazi kwamba aliondoka ili asipate kichaa.

Akamwendea Harry James, mpiga tarumbeta, akamwambia: nitakuimbia, sharti moja tu, sitaki mzunguko mmoja wa katikati. Nataka wimbo uanze na mimi na uishe na mimi, bendi inisindikize. James akakubali. Tarehe 31 Julai 1942 wakarekodi "I've Heard That Song Before". Kesho yake, tarehe mosi Agosti, chama cha wanamuziki kikagoma kurekodi. Nchi nzima. Kampuni zikawa hazina kipya cha kutoa, zikatoa akiba, na wimbo ule ukakaa namba moja wiki kadhaa mwaka 1943.

Na kwenye mgomo huo kuna kituko: waimbaji hawakuhesabiwa kuwa wanamuziki, hawakuwa wanachama! Kwa hiyo wao waliendelea kurekodi, wakisindikizwa na kwaya badala ya ala. Frank Sinatra, aliyekuwa ametoka bendi ya Tommy Dorsey, alirekodi hivyo. Wale waliodharauliwa kwamba si wanamuziki wakawa ndio pekee wanaosikika. Mgomo kwa Victor na Columbia ulikwisha Novemba 1944, bendi ziliporudi zikakuta wenye nyumba wamebadilika.

Mzee wa Santuri:
Nyamwezi, hapo umenimalizia kazi nusu nzima, ahsante sana. Ongeza na vita: vijana wa bendi wanachukuliwa jeshini, petroli na matairi kwa mgao, basi la bendi litatembea na nini? Watu kumi na nne kuwahamisha mji kwa mji ikawa haiwezekani. Mwimbaji na watu watatu nyuma yake inawezekana.

Ila nirudi 1938, kwenye kikapu.

Kocha wa Mtaa:
Kikapu gani tena?

Mzee wa Santuri:
"A-Tisket, A-Tasket". Ni wimbo wa watoto wa mitaani kule Marekani, kama vile sisi tunavyo "ukuti ukuti". Mtoto kapoteza kitu, mwenzake kakiokota. Bendi ilikuwa inapiga Boston. Ella akamfuata Van Alexander, kijana aliyekuwa anawapangia muziki, akamwambia tufanye kitu na huu. Van alisimulia mwenyewe kwamba alikuwa ameelemewa na kazi, akasema subiri. Ella akarudi tena, safari hii amenuna kidogo. Van akakaa nao, wakaongeza maneno.

Walirekodi tarehe 2 Mei 1938, siku ambayo Van anatimiza miaka 23. Sikilizeni mwishoni: Ella analalamika kikapu chake kimepotea, wanaume wa bendi, watu wazima na vyombo vyao mikononi, wanaanza kumtajia rangi moja moja kumuuliza kilikuwa cha rangi hiyo, naye anakataa, hapana, hapana, hapana. Kitoto kabisa. Lakini sikiliza anapoziweka zile "hapana". Hakuna hata moja inayoangukia pale unapoitegemea. Anachelewa nusu ya pigo, anawahi robo, na Webb nyuma anamtilia kichapo kimoja kwenye kila pengo. Huo ni mchezo wa dramu umewekwa mdomoni. Santuri iliuza milioni. Namba moja wiki kumi. Kuanzia hapo watu walianza kuingia Savoy wakiulizia yule msichana yuko wapi.

Binti Magomeni:
Ila mzee ukweli usemwe, ni wimbo wa kipuuzi.

Mzee wa Santuri:
Ni wa kipuuzi. Na ulimganda: kila alipokwenda aliombwa huo, na 1942 wakampa nafasi ndogo kwenye filamu ya wachekeshaji Abbott na Costello, akauimba ndani ya basi kikapu kilekile.

Webb hakuufaidi sana. Alikuwa anaumwa, anazimia baada ya shoo, na bado anasafiri kwa sababu sasa bendi ndiyo imeanza kuingiza hela. Alifariki Baltimore tarehe 16 Juni 1939. Miaka 34. Msibani Ella alimwimbia.

Hapo ndipo nashangaa kila nikifikiria. Bendi ya wanaume, wengine wamemzidi umri kwa mbali, wakaibadilisha jina: Ella Fitzgerald na Okestra Yake Mashuhuri. Ana miaka 22. Mambo ya muziki yalishikwa na Teddy McRae wa saksafoni, ya fedha meneja, lakini jina la herufi kubwa kwenye lebo ni lake. Kiti cha pembeni kwisha. Waliendelea mpaka 1942, bendi ikavunjika. Jumla karibu nyimbo 150 alirekodi na watu wale kuanzia siku za Webb.

Ya baadaye mnayajua au mtayatafuta: Oktoba 1945 alirekodi "Flying Home" bila maneno kabisa, sauti tu, du-ba-di-ba, anapita njia za saksafoni na tarumbeta moja baada ya nyingine. Watu wakasema ameyatoa wapi haya? Jamani. Ameyatoa kwenye kiti! Miaka ile yote ya Webb anasikiliza kila ala usiku hadi usiku na kuimba nazo chinichini kwa sababu hakuruhusiwa kunyanyuka.

Nyamwezi Ughaibuni:
Mzee, Savoy nimepita mwaka jana. Haupo. Ulibomolewa mwishoni mwa miaka ya hamsini, pamejengwa maghorofa ya watu kuishi. Kuna bamba la kumbukumbu tu, nusu watu wanalipita. Nilisimama kidogo, mama mmoja mwenye mifuko ya sokoni akaniuliza kama nimepotea.

Kocha wa Mtaa:
Nimeusikiliza wa kikapu. Mara ya kwanza nikacheka, mara ya pili nikaona mguu unatikisika wenyewe. Sasa nianze wapi mkuu? Usinipe orodha ndefu, bando linakata.

Mzee wa Santuri:
Viwili tu. "Undecided", waliurekodi mwanzoni mwa 1939 Webb akiwa bado hai, msikie Ella anavyotembea juu ya bendi bila kuikanyaga. Na "Liza" ya 1938, haina Ella hata kidogo. Hiyo ni ya Mpiga Dramu.

Mpiga Dramu:
Mzee nimeiweka "Liza" tangu magharibi, mke wangu kashaniuliza kama redio imeharibika. Kuna mahali bendi nzima inanyamaza wanamwachia, anapiga kama watu wawili, halafu wanarudi wote kwa pamoja bila mtu kuhesabu. Mgongo ule, maumivu yale. Swali moja: pale kwenye besi dramu anagonga kila pigo, yote manne, au masikio yangu? Maana nimejaribu nikashindwa kuiweka chini vile bila kumfunika mwenye besi.

Mzee wa Santuri:
Manne yote, laini. Punguza nguvu ya kisigino, jaribu tena kesho mchana, shemeji apumzike.